Madeni Yenye Mzozo Katika Mali ya Shirika: Funzo la Wasii wa Zubeir bin Awwam (r.a.)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Ni ada yetu katika mwambao huu kwamba maiti akishawekwa mbele kwa ajili ya kusaliwa, husimama mtu katika jamaa zake akasema: mwenye kumdai marehemu awaone watoto wake, na aliyedaiwa naye pia ajitokeze. Ni ada njema na ina asili, kama tutakavyoona. Lakini tangazo lenyewe huchukua muda wa kuvuta pumzi mbili, wasikilizaji ni wale tu waliofika msikitini siku ile, na baada ya arubaini watu hukaa wakagawana. Kisha siku nyingine hubisha hodi mtu aliyeshika daftari lake, akasema kwamba marehemu alikuwa mshirika wake katika biashara, na kwamba kuna fedha yake humo. Watoto humwambia hawamjui. Mshirika wa tatu humwambia yeye hakumbuki. Hapo ndipo udugu huvunjika, na hapo ndipo maimamu wetu huitwa kusuluhisha jambo ambalo lilikuwa lisuluhishwe kabla ya mali kutoka mkononi.

Tumeona tuandike juu ya jambo hili kwa njia ya historia, ili msomaji aone waliotangulia walifanyaje walipokabidhiwa mali ya mtu aliyekufa au aliyefilisika, na ndani yake mna madeni ambayo wengine wanayakiri na wengine wanayakana.

ASILI YA NENO NA ASILI YA HUKUMU

Neno letu muflisi limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni fulusi, yaani sarafu ndogo za shaba. Waarabu walimwita mtu muflisi alipokuwa hana tena dinari za dhahabu wala dirhamu za fedha, amebakiwa na fulusi tu. Katika istilahi ya fiqhi ni mtu ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake. Na mfilisi, kama tunavyomwita leo, ni yule anayesimamishwa kuikusanya mali hiyo, kuiuza na kuwagawia wenye haki. Vitabu vya fiqhi humtaja kadhi mwenyewe, au amini wa kadhi, na kwa mali ya maiti humtaja wasii. Kazi yao ni moja: kushika mali isiyo yao, kwa ajili ya watu wanaovutana.

Msingi wa kazi hii uko katika Qur'ani. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mafungu ya mirathi yametajwa kuwa ni baada ya wasia na deni. Wasia umetangulizwa katika matamshi, lakini wanazuoni wameafikiana kwamba katika utekelezaji deni hutangulia. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote, Waislamu wameamrishwa kuandika deni na kulishuhudisha, na aya ya 280 ikaamrisha mwenye dhiki apewe muda. Na katika Sura Swaad, aya ya 24, Nabii Daud (a.s.) ametaja kwamba wengi katika washirika hudhulumiana, ila wale walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Kwa hiyo tusishangae mzozo ukitokea. La kushangaza ni sisi kuingia katika shirika bila kujitayarisha kwa mzozo huo.

Zama za Mtume (s.a.w.) kulikuwa na kesi za namna hii. Imam Muslim amepokea kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.) habari ya mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume (s.a.w.) akawataka watu wamsaidie kwa sadaka, lakini sadaka haikufikia deni, basi akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Zama za Umar bin Khattab (r.a.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 H), kulikuwa na mtu wa kabila la Juhayna, akiitwa Usayfi, ambaye desturi yake ilikuwa kununua ngamia kwa bei kubwa ili awatangulie mahujaji wengine, mpaka akafilisika. Umar akasimama mbele ya watu akaeleza habari yake, akatangaza kwamba kila mwenye kumdai aje asubuhi, mali yake igawiwe baina ya wadai. Tazama, ndugu msomaji, tangazo ni la hadharani, wakati umewekwa, na mgao ni mbele ya wote.

JE, NI DENI AU NI SHIRIKA?

Mzozo mwingi katika mali ya shirika haumo katika kiasi, umo katika sifa ya fedha yenyewe. Mmoja anasema: nilikukopesha. Mwingine anasema: ulikuwa mshirika wangu na hasara tumepata sote. Kisa cha kale cha namna hii ni cha wana wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, nacho pia kiko katika Muwatta. Walikuwa wanarejea kutoka jeshini Iraq, wakampitia Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.), naye ndiye amiri wa Basra. Akawapa fedha ya Baitul Mali wanunue bidhaa za Iraq, wakauze Madina, wampelekee Amirul Muuminina rasilimali na faida iwe yao. Walipofika Umar akauliza kama kila askari alikopeshwa vile vile. Wakasema hapana. Akawataka watoe rasilimali na faida yote. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akajibu kwamba lau mali ingepotea wao ndio wangelipa. Mmoja wa waliokuwa barazani akashauri jambo lile lihesabiwe kuwa ni mudharaba, na Umar akakubali: akachukua rasilimali na nusu ya faida, wao wakachukua nusu.

Hoja ya Ubaydullah ndiyo mizani ya mlango huu. Mwenye kubeba hasara ndiye mdaiwa. Ama aliyeshika mali kwa niaba ya mwenziwe, yeye ni amini, hailipi ikipotea bila ya uzembe wake. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi si kwamba ni kiasi gani, bali ni kwamba fedha hii iliingia kwa jina gani: mkopo, amana au rasilimali ya shirika?

WASII WA ZUBEIR

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kwa maoni yetu kila anayekabidhiwa mali ya watu anapaswa kukihifadhi. Imam Bukhari amekipokea katika mlango wa Khumsi, kwa njia ya Hisham bin Urwa, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa Abdullah bin Zubeir (r.a.).

Siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 H (656), Zubeir alimwita mwanawe Abdullah akamwambia kwamba anaona atauawa siku ile hali ya kudhulumiwa, na kwamba kinachomshughulisha zaidi ni deni lake. Akamuusia auze mali, alipe deni, kisha atoe thuluthi ya wasia. Akamwambia pia kwamba akishindwa na jambo lolote katika deni hilo, amtake msaada Mola wake. Abdullah anaeleza kwamba hakuwahi kuingia katika dhiki ya deni lile ila alimuomba Mola wa Zubeir, na likalipika.

Zubeir akauawa. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, ikiwemo ile iitwayo Al-Ghaba, nje ya Madina, na nyumba: kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Na deni lake lilikuwa limetoka wapi? Watu walikuwa wakimletea fedha awawekee amana, naye akikataa kuipokea kwa jina la amana. Akiwaambia iwe ni mkopo, kwani alichelea isipotee. Amana ikipotea bila uzembe, mwenyewe ndiye aliyepata hasara. Mkopo haupotei, uko juu ya dhima ya aliyekopa. Zubeir alijitwisha mzigo huo kwa hiari yake, na kwa kufanya hivyo akakata mapema ule mzozo tulioutaja wa deni au amana. Kila mtu alijua fedha yake ilikaa kwa jina gani.

Abdullah akakaa akahesabu. Alipata 2,200,000. Akakutana na Hakim bin Hizam (r.a.), akamuuliza ndugu yake amekufa na deni kiasi gani. Abdullah akataja 100,000 tu, na kuficha lililobaki. Wanazuoni wameeleza kwamba alitaja sehemu na kunyamazia sehemu, ili mali ya baba yake isidhaniwe kuwa haitoshi na bei ikashuka mikononi mwa wanunuzi. Hata hicho kiasi kidogo, Hakim aliona mali haitakifikia. Abdullah alipomwambia ukweli wote, Hakim akamwambia akishindwa amtake msaada.

Al-Ghaba ilikuwa imenunuliwa na Zubeir kwa 170,000. Mwanawe aliithaminisha mafungu kumi na sita, kila fungu 100,000, jumla 1,600,000. Kisha akatangaza kwamba mwenye kumdai Zubeir aje Al-Ghaba. Akaja Abdullah bin Jaafar (r.a.), naye alikuwa anadai 400,000. Akajitolea kulisamehe deni lake. Wasii akakataa. Akasema basi licheleweshwe pamoja na yatakayocheleweshwa. Wasii akakataa hilo nalo. Akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akapimiwa kwa thamani ile ile ya mafungu. Baadaye Ibn Jaafar aliliuza fungu lake kwa Muawiya kwa 600,000. Mafungu manne na nusu yaliyobaki yalinunuliwa na watu wanne mbele ya Muawiya, yeye mwenyewe akichukua moja na nusu kwa 150,000.

Hapa tusimame kidogo. Wasii alikataa msamaha! Wengi wetu tungeupokea kwa mikono miwili. Lakini yeye hakutaka dhima ya baba yake isafishwe kwa ukarimu wa mtu ilhali mali ya kulipa ipo, wala hakutaka mdai mmoja, kwa kuwa ni rafiki, awe na hisabu yake peke yake. Bei ilikuwa moja kwa wote, na mdai aliyelipwa kwa ardhi alipimiwa kama aliyenunua kwa fedha.

Madeni yote yaliyojulikana yakalipwa. Watoto wa Zubeir wakamtaka ndugu yao awagawie mirathi. Akaapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne, kwamba mwenye kumdai Zubeir aje alipwe. Akafanya hivyo kila mwaka. Waliosherehesha Hadithi hii walisema kwamba muda ule ulikadiriwa kwa kutazama safari ya habari kutoka Makka mpaka pembe za mbali za nchi, na safari ya mwenye haki kurejea nayo. Miaka minne ilipopita, akatoa thuluthi ya wasia na kugawa. Zubeir alikuwa na wake wanne, na kila mmoja alipata 1,200,000.

Mwanafunzi makini atafanya hisabu. Wake wanne ni 4,800,000, nayo ni thumuni, basi mirathi ni 38,400,000. Ongeza thuluthi ya wasia, 19,200,000, inakuwa 57,600,000. Ongeza deni, inakuwa 59,800,000. Lakini riwaya inataja jumla ya mali kuwa ni 50,200,000. Ibn Hajar Al-Asqalani (aliyefariki 852 H) amelizungumza jambo hili kwa urefu katika Fat-hul Bari, na akanukuu jawabu ya Ad-Dimyati, kwamba ile 50,200,000 ni thamani ya siku ya kufa, na tofauti ya 9,600,000 ni mazao na ongezeko la miaka minne ya kungoja. Ikiwa ndivyo, basi waliosubiri hawakupoteza kitu. Mali ilikua ikiwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiwatafuta wenye haki.

KADHI NA DAFTARI LAKE

Yaliyofanywa na Maswahaba, mafakihi waliyapanga yakawa milango ya elimu. Hawakukubaliana katika yote. Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150 H) hakuona kwamba kadhi anaweza kumfungia mtu mzima mali yake na kumuuzia kwa sababu ya deni. Aliona afungwe yeye mpaka auze mwenyewe. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin Al-Hasan, wakaona inafaa, na ndiyo kauli ya maimamu watatu waliobaki.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi, Imam Nawawi (631–676 H) ameyakusanya katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa mwambao wamekisoma kwa vizazi. Kadhi huuza mbele ya muflisi na mbele ya wadai, kila kitu katika soko lake, kwa thamani ya wakati huo na kwa fedha taslimu. Huanza na kinachochelewa kikaharibika, kisha wanyama, kisha vitu vinavyohamishika, kisha majumba na mashamba. Na katika mlango wa mudharaba amesema kwamba mkataba ukivunjwa, yule mfanya biashara analazimika kuyakusanya madeni yaliyo kwa watu na kuirudisha rasilimali iwe fedha. Haruhusiwi kumwachia mwenye mali orodha ya majina na kwenda zake.

Kwamba mambo haya hayakubaki vitabuni, tunao ushahidi. Kati ya mwaka 1974 na 1976 zilipatikana nyaraka karibu 900 katika jumba la makumbusho ya Kiislamu ndani ya Haram ya Quds. Nyingi ni za miaka ya 790 H, zama za Mamaluki, na sehemu kubwa ni orodha za mali za watu waliokuwa mahututi au wamekufa: nguo, vyombo, fedha, anachodai na anachodaiwa, na warithi wake, pamoja na majina ya mashahidi. Hata wajane na wageni masikini waliandikiwa. Kadhi hakungoja mzozo ndipo aandike.

NAMNA ZA MZOZO NA HUKUMU ZAKE

Ya kwanza: mtu anadai na washirika wote wanakana. Kanuni ni ile iliyopokewa kwa Mtume (s.a.w.), kwamba ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Sababu yake imetajwa katika Hadithi: lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai damu na mali za wenzao.

Ya pili: mshirika mmoja anakiri na mwingine anakana. Kukiri ni hoja fupi, haimpiti aliyekiri. Majalla ya dola ya Uthmaniya imelitaja hili katika kifungu cha 78, kwamba ushahidi huwavuka watu na ikirari hubaki kwa mwenyewe. Kwa Mahanafi, katika shirika la mufawadha deni la biashara alilokiri mmoja huwalazimu wote, kwani kila mmoja ni mdhamini wa mwenziwe. Imam Shafi ameibatilisha mufawadha kabisa, na kwetu shirika sahihi ni inani, ambamo mshirika ni wakili tu.

Ya tatu: mrithi mmoja anakiri deni la marehemu na ndugu zake wanakana. Kwetu hulipa kwa kadiri ya fungu lake. Kwa Mahanafi deni lote hutolewa katika fungu lake likitosha. Wala asiyekiri hana haki ya kumkasirikia nduguye kwa kuitakasa dhima ya baba yao.

Ya nne: mwenye kumdai maiti amekuja na mashahidi wake. Pamoja na ushahidi huo, huapishwa kwamba hakuwahi kulipwa wala kusamehe, kwani maiti hana ulimi wa kusema: nimekulipa. Kiapo hiki ndicho ngao ya yule asiyeweza kujitetea.

Ya tano: mdai ametokea baada ya mgao. Imam Nawawi amesema hushirikiana na wadai wenziwe kwa kadiri ya deni lake, na kauli dhaifu ni kwamba mgao wote huvunjwa. Na amesema kwamba wadai hawakalifishwi kuleta ushahidi kuwa hakuna mdai mwingine. Ndiyo kusema mlango haufungwi, lakini waliokuja mapema pia hawazuiliwi haki zao kwa hofu ya asiyejulikana.

Ya sita: deni ambalo shirika linawadai watu. Washirika wasigawane majina, huyu achukue deni la fulani na yule la fulani, kwa sababu deni lililo katika dhima halijulikani litapatikana au la. Likusanywe kwanza. Na Mahanafi wamesema kwamba atakachokipokea mshirika mmoja katika deni la pamoja, mwenziwe ana haki ya kushirikiana naye ndani yake.

SISI LEO

Shirika la inani huvunjika kwa kufa mshirika mmoja. Kuanzia saa ile, mshirika aliye hai ameshika fedha ya mayatima na wajane, na kila bidhaa anayoiuza bila idhini yao ni jambo la kuulizwa. Na asidhani kwamba kadhi atamaliza kila kitu. Nchini Kenya, kwa mfano, Katiba ya 2010 katika ibara ya 170 imezipa mahakama za kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa biashara wenyewe huenda ukapelekwa mahakama nyingine, na huko hutazamwa maandishi.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa maimamu ni hii. Tangazo la mazikoni lisiwe la mwisho. Lirudiwe msikitini, sokoni kwa wafanya biashara wenziwe, na katika miji aliyokuwa akisafiri, kwa muda unaojulikana na ulioandikwa. Madeni yanayokiriwa yaandikwe mbali, na yenye mzozo yaandikwe mbali, na fungu la yenye mzozo liwekwe kando mpaka lihukumiwe, kisha ndipo warithi wapewe kilichobaki. Mdai asifukuzwe kwa kuwa hana karatasi. Asikilizwe, na aulizwe fedha yake iliingia kwa jina gani.

Zama hizi habari haihitaji miaka miwili kufika pembe ya dunia, hufika kwa siku moja. Kwa hiyo hatusemi kila mirathi ingoje miaka minne. Tunalosema ni kwamba Abdullah bin Zubeir alikuwa na ndugu waliomsukuma kama tunavyosukumwa sisi, na mali kubwa ya kumtia tamaa, na hakuna aliyekuwa akimdai tena kwa jina. Alingoja kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye huenda hakuwepo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muflisi wa kweli katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali amekula mali ya huyu na kumdhulumu yule, basi mema yake yakagawiwa wadai wake mpaka yakamalizika. Mgao ule hauna mfilisi wa kuombwa muda.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa yaliyo juu yetu tungali hai, na awape waliotutangulia na madeni yao mawasii mfano wa mwana wa Zubeir. Wallahu aalam.